YAH: Maiki nne za wayalesi mlizoniuzia zimekaa kwenye masafa ya simu, naomba mnibadilishie au mnirudishie pesa

Kwenu uongozi wa duka,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nafanya kazi ya mziki wa sherehe huku Bagamoyo, harusi, maulidi, misiba, popote nnapoitwa naenda. Mwezi wa kwanza nilikuja dukani kwenu Kariakoo nikachukua seti ya maiki nne za wayalesi na resiva yake, kile kiboksi kinachopokea mawimbi ya maiki, kwa laki sita na themanini, risiti ninayo na picha yake nimeiambatanisha hapa pamoja na video mbili. Siku ile nilimuuliza kaka alienihudumia swali moja tu, hizi zinatumia masafa gani, akanijibu ni UHF mkuu wala usiwe na wasiwasi. Sasa UHF ni kuanzia megahezi 300 mpaka 3000, humo ndani kuna televisheni, kuna simu, mpaka wifi imo, kwaiyo lile halikuwa jibu na mimi najilaumu kwamba nililipokea nikalipa.

Nyumbani nilizijaribu vizuri tu. Niliweka betri mpya, nikachomeka resiva kwenye mikisa, nikampa mdogo wangu maiki moja akatembea nayo mpaka kwenye minazi huku anahesabu, sauti safi kabisa. Nikajua nimepata kitu.

Jumamosi yake tukawa na harusi Kibaha, ukumbi upo chini ya mnara wa simu, ukitoka mlango wa nyuma unauona huo hapo. Toka tunafunga vyombo niliona taa za mawimbi kwenye resiva zinawaka wakati maiki zote nne zimezimwa, nikadhani labda kuna mtu kawasha maiki moja nikaenda kuzikagua, zote zimezimwa na mbili bado zipo kwenye boksi. Nikachomoa antena zote mbili taa zikazimika, nikarudisha zikawaka tena vijiti vitatu. Hiyo ndio video ya kwanza, naomba mkae muiangalie mpaka mwisho, maana kama kosa lingekuwa la mikisa au la waya taa zisingezimika kwa kutoa antena, kile kitu kinatoka hewani.

Mda wa nasaha ulipofika baba wa bibi harusi alisimama, mzee mtu mzima anatembelea fimbo, karatasi yake kaikunja kwenye mfuko wa shati. Akaanza vizuri, sentensi ya pili maiki ikakata, ikarudi na ule mngurumo khhhhh ukumbi mzima watu wanaziba masikio, ikakata tena. Mzee akaitoa mdomoni akaiangalia, akanitazama mimi. Nikakimbia na maiki ya waya, waya mita 10 haumfikii, nikamuomba asogee kwenye meza yetu, akasema basi baba inatosha, akaikunja karatasi yake akairudisha mfukoni akakaa. Yule mzee binti yake hataolewa mara ya pili ili aje amalizie maneno yake. Kamati ilinikata laki moja kwenye malipo, sikubishana nao, wana haki yao.

Nilivyowapigia Jumatatu dada wa huduma kwa wateja akaniambia nibadilishe betri. Betri zilikuwa mpya, alkalaini za volti 1.5, nilizifungua pale pale ukumbini. Kesho yake fundi wenu nae akanipigia akasema resiva nimeiweka vibaya, itakuwa ipo ndani ya raki ya chuma karibu na amplifaya. Ni kweli hio kitu inasumbua na najua wengi wanakosea hapo, ila mimi ilikuwa juu ya meza, antena nimezifungua kama herufi V, hakuna spika wala amplifaya karibu. Akasema basi pandisha skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha resiva mawimbi yakiwa dhaifu. Wiki ilofuata nikarudi ukumbi ule ule mchana hakuna watu nikapandisha, kweli mngurumo ukaisha lakini mtu akienda hatua nane tu sauti inapotea, na boksi lenu limeandikwa mita 100. Hio ndio video ya pili.

Baada ya hapo nikakaa na ile resiva nikasoma namba kwenye skrini moja moja. Maiki ya kwanza ipo megahezi 768.500, ya pili 770.500, ya tatu 772.500, ya nne 774.500, na hakuna sehemu ya kubadilisha, zimefungwa humo humo. Wakuu, masafa ya 700 sio ya maiki tena. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishayapiga mnada kwa makampuni ya mawasiliano mwaka 2018, na kwenye ile bendi ya 28, fungu la masafa ya simu za 4G, mnara unarusha kuanzia 758 mpaka 803, kwaiyo maiki zenu zote nne zipo katikati kabisa. Marekani walishazipiga marufuku maiki za 700 toka tarehe 12 mwezi wa sita 2010. Kimaiki kinachotoa nguvu ndogo vile hakiwezi kushindana na mnara, niweke antena ninavyotaka, ninunue betri za bei yoyote.

Alafu kuna la pili ambalo hata kusingekuwa na mnara bado lingenisumbua. Hizo namba zimepishana sawasawa, mbili mbili. Maiki mbili zikiwaka pamoja mawimbi yake yanachanganyika yanazaa mengine, chukua 770.5 mara mbili toa 768.5 unapata 772.5, ambayo ndio maiki ya tatu yenyewe! Aliepanga hivi hakuwahi kuziwasha zote nne kwa wakati mmoja na kwaya ikaimba.

Ninachoomba ni hiki. Mnibadilishie seti nyingine ya masafa ya chini, 500 huko, na iwe ile inayokubali kubadilisha chaneli na kutafuta nafasi iliyo wazi, maana hata huko chini kuna televisheni na kila mji una zake. Bei ikizidi nipo tayari kuongezea. Kama hamna basi nirudishieni laki sita na themanini yangu kamili, vitu vyote vipo na boksi lake na vile vikofia vya sponji bado sijavifungua hata vitatu.

Na zile nyingine nilizoziona zimepangwa kwenye rafu siku ile, za boksi jekundu kama langu, naombeni sana mziondoe au angalau mumwambie mteja namba yake kabla hajatoa hela. Wengi wanaonunua pale ni vijana wanaanza kazi, wengine ni makanisa yamechangishana, akikatiwa sauti atajua yeye ndio hajui kuseti.

Alhamisi nakuja Kariakoo na mzigo wote, nitafika mapema kabla ya saa nne. Namba yangu mnayo kwenye risiti.

Wenu mteja,
Fundi mitambo, Bagamoyo