Mpwa wangu, ile baiskeli siuzi

Mpwa wangu,

Salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Idd iliyopita ulinicheka kwa ile baiskeli yangu nyeusi, ukasema ni ya kupimiwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukaniletea mpya, ya gia, nyepesi kama kapu tupu. Nilinyamaza, maana aliyekuja na zawadi habishiwi. Leo nakujibu, na jirani wasikie.

Hiyo mpya nimekaa nayo miezi minne. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo gia hadi gia kilipinda, kikaingia kwenye spoku. Fundi wa Barabara ya 12 alikigeuzageuza, akanirudishia. "Hiki, mzee, kimefungwa kiwandani ili kisifunguliwe."

Nawe usidhani ile nyeusi haiharibiki. Inaharibika kila mara! Tazama mkono wa pedeli: umeshikwa kwenye ekseli na kotapini, kipande cha chuma cha bei ya vitumbua. Ukikanyaga kwa nguvu na gunia nyuma, kinacholika ni kotapini. Mkono na ekseli vinapona. Fundi anaigonga kwa nyundo itoke, anachomeka nyingine, wewe kahawa hujaimaliza. Aliyeibuni alijua fika kwamba kitu kitaumia, akachagua kiumie kipi. Gololi hivyo hivyo, zikilika unabadilisha gololi na kutia grisi, ringi hubadilishi. Ndiyo maana babu yako aliniachia baiskeli, hakuniachia skrepa.

Tena ulitaka nitupe kamba ya mkonge ya kwenye keria, ukanipa ya nailoni kwa kuwa haiozi. Ni kweli haiozi. Shuka pwani maji yakitoka uone vipande vya nyavu vilivyoachwa na wenyewe, bado vinanasa kaa. Huo nao utauita uimara? Mimi naona ni ukaidi tu. Mkonge wetu, tangu Mjerumani Richard Hindorf auagize kutoka Florida mwaka 1893, ikapona miche 62 kati ya 1,000, unafanya kazi yake, ukichoka unaoza. Kamba nasokota nyingine.

Basi ukija, pitia maduka ya Dar uniulizie kile kidude cha gia. Kisipopatikana, njoo hivyo hivyo. Nitakupokea stendi ya Kange na ile nyeusi; utakaa kwenye keria, begi mapajani, na usiguse kamba yangu.

Mjomba wako