Risala ya Wagonjwa na Walezi wa Saratani ya Mapafu, Mombasa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wa mtaa, mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na wewe Mheshimiwa kwa kuacha shughuli zako ukaja hapa Majengo. Karibu sana, hapa ni kwenu.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kungojea majibu, watu saba tuliojuana kwa kungoja. Leo tumepita sitini. Mafunzo yetu yameenea Mombasa nzima, kuanzia soko la Kongowea mpaka kivuko cha Likoni, na wavutaji tisa wameacha sigara kabisa, jambo ambalo hata vikundi vikubwa vingelionea fahari. Viti mlivyokalia ni mali ya kikundi.

Mheshimiwa, lililotuita ni moja: mashine ya siti-skani, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ipo; daktari bingwa wa kuzisoma picha hatuna.

Saratani ya mapafu hukaa kimya. Damu ikionekana kwenye kikohozi, mara nyingi saratani imeshasambaa. Ndiyo maana wavutaji wa miaka mingi hupimwa kwa skani ya mionzi hafifu kabla hawajaugua. Utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 53,000, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliopigwa skani, kuliko waliopigwa eksirei ya kifua. Lakini nyuma ya kila skani alikuwapo daktari aliyepekua mamia ya picha, akapima kinundu, yaani kiuvimbe kidogo kwenye pafu, kwa milimita, akakilinganisha na picha ya mwaka uliopita, kisha akaamua huyu arudi baada ya mwaka, huyu miezi sita, huyu asicheleweshwe hata siku. Vinundu vingi si saratani. Na kwetu huku kovu la kifua kikuu laweza kumchanganya asiyebobea: mzima akadungwa sindano ya pafu bure, mgonjwa akaambiwa nenda nyumbani.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa kuli Kilindini, alitibiwa kifua kikuu miezi sita bila nafuu. Alipopigwa skani, picha zikakaa wiki saba bila msomaji. Mkewe alikuwa akiitoa ile bahasha ya kaki juu ya kabati, anainua filamu dirishani, anatazama weusi na weupe wake, anairudisha. Majibu yalipokuja, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Tulimzika Kikowani.

Mwaka juzi, mgeni wetu aliyekaa kiti hicho hicho alituahidi daktari kabla ya Ramadhani. Ramadhani mbili zimepita. Mwaka jana tukaahidiwa mtandao wa kutuma picha zikasomwe kwingine. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Hatusemi kwa ubaya, Mheshimiwa, twajua majukumu ni mengi. Ila tumechoka kuzika.

Tunaomba daktari bingwa wa picha, hata kwa siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki, mtandao ule ufanye kazi, na majibu yasizidi siku saba. Tunaomba pia kijana mmoja wa Pwani, daktari tayari, adhaminiwe kusomea fani hii, ili tusiwe wa kuazima kila siku.

Barua ya ombi iko mezani mbele yako. Mahali pa tarehe tumepaacha wazi, tunaomba upajaze wewe mwenyewe leo, kabla hatujala.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama