Kabla ya droo ya kesho

20 Februari 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa siku zote. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kwetu sote wawili, nimeona nikuandikie kwa utulivu badala ya kukujibu juu kwa juu. Droo ya hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa Ulaya itachezeshwa kesho huko Nyon, Uswisi, na Liverpool yetu itapangiwa ama Paris Saint-Germain (PSG) ama Benfica ya Ureno. Wewe unawataka PSG. Mimi nawaomba Benfica, na sioni aibu kusema hivyo.

Hoja yako kubwa ni kwamba PSG walimaliza nafasi ya 15 katika hatua ya ligi, ile ya kwanza ya mashindano, ilhali sisi tulimaliza kileleni, na kwamba mchezo wa marudiano utakuwa Anfield, uwanja wetu. Hilo la Anfield ni kweli, lakini tutalipata kwa yeyote tutakayepangiwa. Kuhusu nafasi ya 15, naomba uiangalie upya. Pointi walizopoteza kwa Arsenal, Atlético Madrid na Bayern walizipoteza mwaka jana, na timu ile ya vuli siyo hii tunayoitazama sasa. Tarehe 22 Januari Manchester City waliwatangulia kwa mabao mawili, na kabla hatujakaa sawa washambuliaji wa PSG, Dembélé na Barcola, walikuwa wamesawazisha, mchezo ukaisha 4-2. Tangu mwezi huo huo wamemwongeza Kvaratskhelia. Na jana je? Wamewafunga Brest 7-0, jumla ya mabao 10-0, na yale mabao saba yamefungwa na watu saba tofauti. Timu ambayo bao linaweza kutoka kwa beki wa kushoto, kiungo au kijana aliyeingia kutoka benchi huwezi kuizuia kwa kumkaba mtu mmoja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, ndugu yangu, wala si jina la Paris.

Benfica nao siwadharau. Wewe mwenyewe umenikumbusha Februari na Machi 2006, tulipokuwa mabingwa wa Ulaya, wakatufunga 1-0 kwao kisha wakaja kutufunga 2-0 nyumbani, Simão akifunga la kwanza na Miccoli akitumaliza dakika za mwisho. Kidonda kile bado ninacho. Hata hivyo tulikutana nao tena mwaka 2022 tukawafunga 3-1 kwao, na ule mchezo wa 3-3 Anfield haukutuzuia kusonga mbele. Benfica wa msimu huu wanafunga, lakini wanashindwa kulinda walichokipata. Walikuwa wakiongoza 4-2 mbele ya Barcelona mwezi uliopita, mshambuliaji wao Pavlidis akiwa amefunga matatu ndani ya nusu saa, na bado wakalala 5-4 kwa bao la Raphinha la dakika za nyongeza. Juzi tena Monaco wamewafunga matatu pale pale Lisbon. Timu inayoacha mlango wazi namna hiyo ndiyo mshambuliaji wetu Salah anayoitaka.

Kuna jambo jingine ambalo naona hukulipa uzito. Yule tusiyempata sisi ataangukia kwa Barcelona, na Barcelona wako upande mwingine wa ratiba, kwa hiyo hatuwezi kukutana nao kabla ya fainali. PSG wakipangiwa Barcelona, moja kati ya timu hizo mbili, ndizo ninazoziogopa zaidi, itakuwa nje kabla ya robo fainali, bila jasho letu kumwagika. Kwa nini kazi hiyo tuifanye sisi? Tena uitazame na kalenda: marudiano ni Machi 11 au 12, na tarehe 16 tuna fainali ya Kombe la Ligi na Newcastle pale Wembley. Vijana wa kocha wetu Slot jana wametoka sare ya 2-2 na Aston Villa, wiki iliyopita tena 2-2 na Everton, na uchovu unaonekana miguuni mwao. Mechi mbili za kukimbizana na mawinga wa Paris zinaweza kutugharimu kombe ambalo tayari tumelikaribia.

Unasema anayetaka ubingwa hachagui mpinzani. Mchezaji akisema hivyo nitampigia makofi, kwa sababu kazi yake ni kumkabili yeyote aliye mbele yake. Sisi mashabiki hatuingii uwanjani. Tulichonacho ni kuomba tu, na mimi nimeomba Benfica.

Kesho nipigie simu mara tu majina yatakapotoka. Tukipangiwa PSG, tutaanza mara moja kuhesabu nani atamkaba Dembélé, na hapo nitakusikiliza wewe.

Ni mimi,
nduguyo katika wekundu