Mchumba wa mtandaoni aje kwa nauli yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba programu za kutafutia wachumba zifungwe kwa sababu zinamaliza hela za korosho. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mkuti, Masasi, na hela anazozisema nyingine zinapita mikononi mwangu. Kuliwa zinaliwa kweli. Ila nionavyo mimi dirishani, kinachozimaliza ni nauli, na kwa hilo hatuhitaji serikali ifunge kitu.

Minada ikishaanza Oktoba na malipo yakaingia benki, wanakuja watu wazima, wengine wana wajukuu. "Mama, niwekee laki na nusu, nina mgeni anatoka Dar." Anaweka kwenye laini yake, kisha ananipa simu nimsaidie kutuma. Mgeni kwenye picha ni binti. Jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri ni la mwanamume. Ninamsomea. "Huyo kaka yake," ananijibu, na uso umeshakunjamana, naonekana mimi mwenye wivu. Jioni anarudi: basi limeharibika Somanga, mgeni anaomba ya kula. Kesho yake simu haipatikani.

Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina linalotokea pale ni la mtu mwenye kitambulisho cha taifa. Kama silo alilokutajia, ama amekudanganya jina au anatumia laini ya mtu mwingine, na yote mawili yanatosha kukufanya usibonyeze. Ukishabonyeza mwenyewe na mwenzako akatoa hela, usije kunililia mimi nirudishe muamala.

Wanaume wakiliwa nauli tunacheka, inakuwa hadithi ya kijiweni. Upande wa mabinti hausemwi, na ndio unaonitia hofu. Binti ametumiwa nauli ya kwenda tu, na kwa kuwa ni mwaminifu, anasafiri. Anashuka Mbagala Rangi Tatu giza limeingia, mfukoni hana ya kurudi, na pa kulala anapajua mwenyeji peke yake. Mwenyeji naye anahesabu kwamba ameshalipia. Hapo hata kama kijana si mtu mbaya, binti ameshaingia kwenye deni, na kukataa kunakuwa kugumu. Ndiyo maana nasema nauli ya mtu usiyewahi kumwona isitumwe, na ikitumwa isipokelewe.

Kuonana bila kutumiana nauli mbona inawezekana! Mpwa wangu ni mwalimu Nachingwea, na mchumba wake alimpata Badoo, moja ya programu hizo hizo. Kijana ni fundi umeme Mtwara mjini. Walichati, wakapigiana simu za video, tena mchana, maana anayekupigia usiku tu na taa kazima ana jambo. Siku ya kuonana kila mtu alijilipia basi, wakakutania Lindi mjini, saa za chakula cha mchana, mgahawani penye watu. Binti alikuwa amenitumia picha ya kijana na namba yake, na shoga yake alikaa meza ya pili akijifanya hamjui. Alasiri kila mmoja akapanda gari la kwao. Baadaye ndipo akaingia mjomba, na kwetu Wamakua mjomba ana neno zito kwenye ndoa. Mjomba hakutaka kusikia habari za programu. Alitaka namba ya mama wa kijana, akampigia papo hapo, wakaongea mpaka salio likakata.

Niongeze kitu kilichomsaidia mpwa wangu kabla ya hayo yote. Kwenye maelezo yake huko Badoo aliandika kwamba ameachika na ana mtoto mmoja, na kwamba yuko Nachingwea. Shoga zake walimwambia atakimbiza watu. Walikimbia kweli, wakabaki wachache wenye nia ya kuoa. Hapa kwetu vijana wanaishi Ndanda wanaandika Dar es Salaam, wanaweka picha waliyopiga wakiwa kidato cha nne au gari la bosi, kisha wanalalamika kwamba wanaowapata hawaeleweki. Na huyo aliyekuona kwenye gari la bosi, siku mkionana umpokee na nini?

Wale matapeli wanaojiita Wazungu, wenye mizigo iliyokwama uwanja wa ndege eti inasubiri uilipie kodi, sitawaongelea sana. Kodi ya mzigo hailipwi kwenye namba ya mtu binafsi, basi. Picha za utupu nazo msitume, hata kwa mtu mnayempenda. Na kama mtu ameshazipata na anakutisha, usimpe hata shilingi, maana akilipwa leo kesho anarudi. Usifute meseji zake, nenda nazo polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kusambaza picha za ngono, kwa hiyo mwenye kosa ni yeye. Namba za matapeli wa hela zinatumwa bure kwenda 15040, na ni wateja wachache mno ninaokutana nao wanaoifahamu.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa kufungafunga, hao wakulima wakifungiwa programu watatapeliwa kwa meseji za kawaida, kama walivyokuwa wakitapeliwa zamani kwa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ninachoomba ni kwa mawakala wenzangu kuanzia Newala mpaka Liwale, msimu ndio huu: mteja akikupa simu umtumie, msomee jina lililotokea, msubiri aitikie kwamba anamjua, ndipo mrudishie simu aweke namba yake ya siri. Akinuna, anune.

Wakala wa Mkuti, Masasi
(Jina langu lihifadhiwe)