Birika liache lichemshe chai

Dar es Salaam
7 Julai

Swahiba Juma,

Hujambo na watoto? Goti la mama linaendeleaje? Sisi wazima, ila asubuhi hizi tunavaa masweta. Najua wewe mtu wa Dodoma utacheka.

Picha nimeziona. Kumbe marehemu mjomba alikuwa baharia kweli! Siga 23 za Kuba, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, zimelala kabatini miaka yote hiyo hadi zikakauka, halafu unaniuliza kama uzipitishe kwenye mvuke wa birika zilainike. Juma, nakuomba, birika liache lichemshe chai.

Nimeshaharibu mimi kabla yako. Nilipokuwa nasimamia baa ya hoteli, tulikuta boksi limesahaulika stoo, chini ya kiyoyozi, siga zimekauka kau. Nikajifanya fundi, nikatumbukiza sifongo iliyolowa, nikafunga. Kesho yake nafungua, majani ya nje yamepasuka kutoka kichwani hadi mguuni, yamejikunja kama maganda ya kitunguu. Jani lile ni jembamba mno. Majani ya ndani yakinywa maji kwa pupa yanavimba, nalo halina pa kukimbilia.

Kwa hiyo dawa ni kwenda taratibu. Kwenye basi la kesho nimekuwekea kifurushi: haigromita ndogo, yaani kipima unyevu wa hewa, na pakiti za unyevu za aina tatu, 62, 65 na 69. Namba hizo ni asilimia ya unyevu hewani. Pakiti inatoa mvuke hewa ikiwa kavu, na inaurudisha ndani ukizidi. Tafuta bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, jipya. Lile la kubebea pilau usiliguse, siga inanusa kuliko mbwa na mjomba hakuziweka ili zije zinukie bizari.

Kwanza ipime hiyo haigromita, maana za bei rahisi zinadanganya. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe tope zito, isiyeyuke. Kiweke pamoja na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Asubuhi inapaswa kusoma 75. Ikisoma 71, basi ujue inakupunja nne, uziongeze kila unaposoma.

Halafu anza na 62, wiki tatu nne hivi. Usizishikeshike, saa hizi ukiibonyeza moja italia kama jani kavu la mwembe na itavunjika. Wiki ya kwanza utaona kama hakuna kinachoendelea. Jirani yako sonara ana mizani. Mwombe akupimie siga moja, uandike, urudi baada ya wiki. Uzito ukiacha kupanda, hamia 65, kisha 69. Ukifika huko, ukiibonyeza taratibu itabonyea kidogo na kurudi.

Ila nisikufiche: maji yanarudi, mafuta ya tumbaku yaliyokwisha kupotea hayarudi. Huenda zikawa na ladha nyepesi kuliko mjomba alivyozijua.

Boksi lenyewe usilitupe. Ile mbao nyekundu yenye harufu nzuri ni ya mti wa Cedrela, ambao Wazungu wanauita mwerezi wa Kihispania ingawa si mwerezi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Tena upo hapa kwetu: kule Kimboza, Morogoro, ulipandwa na sasa umeuvamia msitu wa asili, watu wa misitu wanahangaika nao. Siga zikishapona zirudishe humo, boksi zima liingie ndani ya bakuli na pakiti ya 69.

Liweke chini kabatini, mbali na jua, wala si juu ya friji. Ndani ya friji ndiyo usithubutu, inakausha. Ukipata nyuzi 18 hadi 21 ni vizuri sana, na usiku wa Dodoma msimu huu unakusaidia. Mimi huku joto na unyevu vyote vinanionea: kuvu upande mmoja, na upande wa pili yule mdudu mdogo wa kahawia anayeanguliwa joto likipita nyuzi 24 au 25. Alinilia siga 11, zikabaki na matundu kama zimechomwa sindano. Ukiona tundu la namna hiyo, zifunge zote kwenye mfuko, ziingie friza siku tatu, kisha siku moja kwenye friji ya kawaida, ndipo uzitoe. Hapo ndipo friji ina kazi yake.

Ile iliyopasuka kichwani, ya tatu kutoka kushoto kwenye picha, itenge. Hiyo ndiyo tutaanza nayo Desemba nikija, tukae nje barazani, maana shemeji hatatukubalia ndani.

Mpokee konda saa nane stendi, kifurushi kina jina lako.

Wako,
Salum