Shangazi alirithi Artois, wazungu msiwasingizie

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba mtoto wa kike kupewa ardhi ya baba ni mambo ya juzi tu yameletwa na haki za binadamu, eti hata wazungu enzi za wafalme hawakuthubutu. Mimi nina steshenari jirani na mahakama hapa Dodoma, nachapa na kutoa fotokopi, mihtasari ya vikao vya ukoo ndo inayonilisha, historia nasoma usiku kwa kupenda tu. Ila hilo la wazungu sio kweli na mfano ninao.

Kaskazini mwa Ufaransa kulikuwa na kaunti inaitwa Artois, makao yake Arras. Msifikirie kaunti za Kenya za kumpigia gavana kura, hii ilikuwa mali ya familia, baba akifa anaingia mtoto, basi. Mfalme Louis wa 9 alimpa mdogo wake Robert mwaka 1237, jamaa hakuifaidi sana mana aliuawa huku kwetu Afrika, pale Mansoura Misri mwaka 1250 kwenye vita vya msalaba, akaacha mke mjamzito. Mtoto akazaliwa akaitwa Robert naye, huyu tumwite wa pili. Huyu wa pili alikuwa na kijana wake Philippe na binti anaitwa Mahaut. Philippe akafa 1298, kamtangulia baba yake, kaacha mtoto wa kiume anaitwa, mmeshajua, Robert. Alafu mzee mwenyewe akauawa Julai 11, 1302 kwenye vita ya Courtrai, siku ambayo mabwana wa farasi wa Ufaransa walichakazwa na mafundi nguo wa Flanders, jimbo la jirani, wanaopigana kwa miguu.

Sasa hapo nani anarithi? Binti wa marehemu yupo hai, mtu mzima, na mjukuu wa kiume yupo, kijana wa miaka 15. Ukiwauliza wazee wengi wa huku nadhani hawatamaliza hata chai, watasema kijana. Artois wakasema shangazi! Mila ya pale ilikuwa mjukuu hakai kwenye nafasi ya baba yake aliyekufa mapema, anayesimama ni mtoto wa marehemu aliye hai, awe wa kike awe wa kiume. (Ndugu zangu Waislamu wa Kondoa hapa msichanganye, kwetu mjukuu anazuiwa na baba mdogo au baba mkubwa, shangazi hamzuii, binti mmoja angechukua nusu na mjukuu wa kiume anayebaki.) Kwaiyo Mahaut akakalia kiti mwaka 1302 na akatawala miaka 27 mpaka anakufa.

Kijana hakukubali. Alivyokua akaenda kwa mfalme, Philippe wa 4, mwaka 1309 hukumu ikatoka kwamba kaunti ni ya shangazi. Mabwana wa Artois walivyoanza kumgomea Mahaut kijana akajitosa upande wao, napo hakutoboa, mwaka 1318 hukumu ikatoka tena, ya shangazi tena. Na hapa ndo panaponichekesha, mana mfalme wa 1318 alikuwa Philippe wa 5, huyu mwaka mmoja tu kabla kikao chake cha wakubwa kilitangaza mwanamke hawezi kurithi taji la Ufaransa, mana yeye alishamruka mtoto wa kike wa kaka yake akakaa. Ila mke wake Jeanne alikuwa binti wa Mahaut! Kwahiyo kwenye taji mwanamke hafai, kwenye kaunti ya mama mkwe anafaa kabisa. Wenye akili zao hao, sheria wanaijua vizuri inapowapa na inapowanyima, na kwenye vikao vya ukoo huku nawaona wa hivo wengi tu.

Huyu Mahaut makaratasi alikuwa anayajali kweli, hesabu za nyumba yake, nani kalipwa nini kwa kazi gani, nyingi zipo mpaka leo kwenye nyaraka za serikali pale Arras, zaidi ya miaka 700. Mimi mtu wa makaratasi nilivyosoma hapo nilimpenda bure.

Akafa Novemba 1329, binti yake Jeanne akarithi, na yeye Januari 1330 akafa ghafla, watu wakanong'ona sumu, hapa kwetu wangesema karogwa. Yule kijana Robert kuona hivo akachachamaa upya. Na safari hii alikuwa na mgongo mana mfalme mpya Philippe wa 6 ni shemeji yake, na mwaka 1328 Robert ndo alimsaidia kuingia kwenye kiti. Akaja na hati, eti babu yake zamani aliandika kaunti ni ya Philippe, yule baba yake Robert, na uzao wake. Zilikuwa za kughushi. Alisaidiwa na mwanamke mmoja, Jeanne de Divion, mihuri ikabanduliwa kwenye nyaraka za zamani za kweli ikabandikwa kwenye mpya. Zikakaguliwa zikagundulika, mama wa watu akachomwa moto Paris mwaka 1331, Robert kaitwa mahakamani hakutokea, 1332 akafukuzwa nchini na mali zikataifishwa. Akaishia Uingereza kwa Edward wa 3, na mwaka 1337 mfalme wa Ufaransa alipotangaza kumnyang'anya Edward ardhi yake ya Guyenne, huko huko Ufaransa kusini magharibi, kosa alilolitaja ni kumhifadhi Robert. Ndo mwanzo wa ile Vita ya Miaka Mia ya Ufaransa na Uingereza. Robert akafa 1342 kwa majeraha aliyopata Vannes akiwa upande wa Waingereza, Artois hakuipata. Ilienda kwa binti wa Jeanne, mjukuu wa Mahaut, baadae ikaja ikashikwa na mdogo wake huyo mjukuu, wa kike naye, kuanzia 1361.

Nimeikumbuka mana tangu serikali ihamie huku shamba la mzee kule Mtumba au Ihumwa sio la uwele tena, ni viwanja. Mtu anakuja dukani na karatasi ya kikao cha ukoo, majina kumi na mbili, sahihi zote kalamu moja mkono mmoja, dada wa marehemu na mabinti hawamo, alafu ananiambia kwa sauti ya chini "kaka irudishe tarehe nyuma kidogo, ntakuongeza." Nikikataa anaenda duka la pili, najua.

Kwaiyo mwenzangu akitaka kumnyima dada yake aseme ni yeye hataki. Wapo wazungu walionyima mabinti, sibishi, ila atutajie ni jimbo gani na mwaka gani, Artois aitoe.

Mwenye steshenari,
Dodoma