Kabla Hamjashusha Gia Boksi

Durban,
14 Septemba 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama Mdogo na Bibi mkiwa wazima. Mimi huku sijambo, kazi inaendelea, na baridi imeanza kutuachia.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilisikiliza maneno, mara tatu zilizofuata nilisikiliza gari. Pale unaposema "tumekaribia juu", nyuma ya sauti yako injini inapanda kulia kama gari linakimbia, na wewe mwenyewe unasema linatambaa. Niliacha chai yangu mezani. Mpando ule wa kutoka Masasi kuingia Newala nimeupanda na marehemu Baba tangu sijafikisha urefu wa dashibodi, na pikapu yake haikuwahi kulia vile, hata ikiwa na saruji.

Fundi amekwambia pleti ya klachi imekwisha, ashushe gia boksi abadilishe. Huenda ni kweli. Ninachokuomba, asishushe kabla hamjajua kilichoimaliza, maana pleti mpya itakufa kifo kilekile. Nimeandika badala ya kupiga simu ili karatasi hii umpe naye aisome.

Klachi ikiteleza, injini inazunguka lakini gia boksi haizunguki nayo sawasawa. Pleti inabanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na presha, ile sahani yenye springi, na pasipobana vizuri nguvu inageuka joto. Ile harufu unayoisikia ukifika juu ni pleti yenyewe inaungua. Kuteleza huanza kwenye gia kubwa, mlimani, na mzigo. Ndiyo maana ukienda sokoni bila mzigo huoni kitu, ukasema gari limepona.

Jaribu hivi. Shika barabara ya Tandahimba penye tambarare na pasipo watu, gari likiwa tupu na injini imeshapata moto. Ingia gia ya nne, mwendo kama kilomita 50, halafu kanyaga mafuta mpaka chini kwa mara moja. Injini ikipanda kulia na mshale wa mwendo ukachelewa kuufuata, klachi inateleza. Gari letu halina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, kwa hiyo tumia sikio.

Ukitaka uhakika zaidi, egesha pasipo mteremko, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Washa, kanyaga klachi, weka gia ya tatu, kisha iachie taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Klachi isiyo na ubovu itaizima injini papo hapo. Ikiendelea kuunguruma na mguu umeshaachia wote, jibu umelipata. Fanya mara moja tu, kwa sababu jaribio hilo nalo linaichoma pleti.

Lakini kama shida ingekuwa gia kukataa kuingia, au rivasi kukwaruza, hiyo ni klachi isiyoachia. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Nimeona mafundi wakiuchanganya na huu na mwenye gari akalipa mara mbili.

Sasa chanzo. Klachi yetu inasukumwa na mafuta ya breki, kwa hiyo fundi aanze na silinda ya chini, ile iliyo ubavuni mwa gia boksi. Mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, alegeze nati ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka kwa nguvu, kuna msukumo umebaki ndani ambao haukutakiwa kubaki: pengine pedali haina ule mchezo mdogo wa juu, yaani kulegea kidogo kabla haijaanza kusukuma, pengine mpaipu umevimba ndani, pengine silinda ya juu, ile ya kwenye pedali, hairudishi mafuta. Na kama baada ya hapo, kabla hajakanyaga tena pedali, klachi itashika vizuri, basi msishushe kitu. Mtashughulika na mpaipu na silinda, kazi ya asubuhi moja.

Halafu alale chini, apitishe kidole pale chini injini inapoungana na gia boksi. Mwezi wa sita nilishusha gia boksi ya pikapu ya mzee mmoja anayepanda Field's Hill kila siku, mlima mrefu wa kutoka huku Durban kwenda Kloof. Alikuwa amewekewa pleti mpya kwingine muda si mrefu. Nilipoitoa, uso wake ulikuwa mweusi unang'aa kama kigae kilichopakwa mafuta, na unene ulikuwa karibu wote umebaki. Haikuwa imekwisha, ilikuwa imelowa. Sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili ya injini isitoke, ilivuja tone baada ya tone, na aliyeitangulia kazi ile hakuinua macho kuitazama. Kwa hiyo kidole kikitoka na oili, mnuse: oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, oili ya injini ni nyepesi na nyeusi. Mtajua ni sili ipi ya kununua.

Baba Mdogo, na hili naomba radhi kabla sijalisema. Nilipokuja likizo ulinipeleka mpaka Shimo la Mungu. Nilikaa kushoto kwako, na tangu tunatoka nyumbani kandambili yako ilikuwa imelala juu ya pedali ya klachi. Uzito ule mdogo unatosha kuipunguzia presha nguvu ya kubana, na beringi inayoisukuma presha inazunguka njia nzima bila kupumzika. Na tuliposubiri ng'ombe wavuke mlimani, ulilishikilia gari kwa klachi badala ya breki ya mkono. Mguu ukishabadilisha gia, uweke sakafuni. Nakuomba kama mwanao.

Ikibidi kushusha, abadilishe pleti, presha na beringi kwa pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha na kupandisha. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu au nyufa asiifumbie macho. Na lile vumbi la ndani asilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Pleti za zamani zilikuwa na asibesto, nayo inaua mapafu polepole. Alifute kwa kitambaa kibichi, na watoto wasiwepo karibu.

Vipuri vikikosekana Mtwara mjini itabidi viagizwe Dar. Unakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga, mizigo ikalala njiani. Msingoje mvua, na msimu wa korosho ndio huo, Oktoba inabisha hodi.

Jaribu Jumapili asubuhi. Uniambie nati imetoa nini na kidole kimepata oili gani, ndipo nijue nitume hela ya sili, ya silinda au ya klachi nzima. Saruji ya Jumatatu mpe mwenye gari lingine aibebe.

Mwambie Bibi shikamoo yake iko palepale, na ile shuka aliyoniagiza nimeshainunua.

Mwanao,
wa Durban